Wabunifu huru na kampuni za teknolojia: dhana potofu na ukweli wake

Dhana inayosikika mara nyingi ni kwamba watengenezaji huru wa programu hulalamika kampuni kubwa zinapobadilisha masharti kwa kuwa wamezoea vya bure. Kisa cha Apollo kinaonyesha kinyume. Apollo ilikuwa programu ya simu ya kusomea Reddit, mtandao wa mijadala, kazi ya Mkanada Christian Selig, ambaye alipoarifiwa na Reddit Aprili 2023 kwamba kuchota data zake kutalipiwa, hakukataa kulipa. Bei alitajiwa mwishoni mwa Mei: dola 12,000 kwa kila maombi milioni 50 (ombi ni kila mara programu inapoiomba Reddit data), kuanzia Julai 1. Programu yake ilipeleka maombi kama bilioni 7 kwa mwezi, hivyo ankara ingefika takribani dola milioni 1.7 kila mwezi, ilhali wateja wengi walikwisha kulipa ada ya mwaka mzima kwa hesabu za zamani, na mteja aliyelipa haombwi nyongeza katikati ya mwaka. Siku 30 hazitoshi kuandika upya programu, kupanga bei mpya na kuwaeleza watu. Apollo ilifungwa Juni 30, na Selig alikadiria kwamba marejesho kwa wateja yangemgharimu dola 250,000 hivi.

Wengine huamini kwamba anayefungiwa lazima amevunja kanuni. Januari 12, 2023 programu ya Twitterrific, ya kusomea Twitter na iliyokuwapo tangu 2007, ilikatwa na Twitter ghafla pamoja na nyingine za aina yake, bila taarifa ya awali. Katazo la programu mbadala liliingizwa kwenye masharti ya Twitter Januari 19. Waliadhibiwa kwa kanuni ambayo siku walipofungiwa haikuwa imeandikwa.

Iko pia dhana kwamba msomaji makini wa masharti hashtukizwi. Mwaka 2019 Unity, kampuni inayotoa injini (programu ya msingi) ya kutengenezea gemu, iliandika kwamba mtengenezaji angeweza kubaki na masharti ya toleo analolitumia hata yakibadilishwa baadaye. Septemba 12, 2023 ikatangaza ada kwa kila usakinishaji, yaani kila mara mchezaji anapoweka gemu kwenye kifaa chake, hadi senti 20 za dola kwa wenye leseni ya chini, kuanzia Januari 1, 2024, na gemu zilizokwisha kutoka zikiwemo. Gemu ya bure iliyokwisha kuvuka mapato ya dola 200,000 kwa mwaka na usakinishaji 200,000 ingedaiwa dola 20,000 kwa kila usakinishaji laki moja zaidi, hata kama wachezaji hao hawakumpa mwenye gemu chochote. Waliosoma masharti ndio walioumia zaidi, kwa kuwa walijenga kazi ya miaka juu ya ahadi ile. Kelele zilipozidi, ada ilipunguzwa makali siku kumi baadaye, na Septemba 12, 2024 ikafutwa kabisa, lakini wapo waliokuwa wamekwisha kuhamia injini nyingine, Godot, na kuanza upya.

Husemwa vilevile kwamba jukwaa ni mali ya mwenyewe, wala hakuna sheria inayoweza kumgusa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/1150, iliyoanza kutumika Julai 12, 2020, iliwataka wenye majukwaa na maduka ya programu kutoa taarifa ya angalau siku 15 kabla ya kubadilisha masharti, na siku 30 pamoja na sababu kabla ya kumwondolea mtu huduma kabisa. Naiona kuwa hatua ya kweli, ingawa siku 15 ni nusu ya zile zilizomshinda Selig. Tena ililenga biashara zilizoanzishwa ndani ya Umoja huo. Mtengenezaji wa Arusha anayeuza programu kwenye duka lile lile, kwa wateja wale wale, hawezi kudai kwa kanuni hiyo hata siku moja ya taarifa.