Cheti cha Semina Hakitoshi Kumtibu Mtu kwa CBT

Tangu mafunzo ya tiba ya fikra na tabia, yaani CBT, yaanze kuzungumzwa kwenye vikao vya afya vya Mtwara na Lindi, wauguzi, matabibu na maofisa ustawi wa jamii wanatuuliza swali moja kuliko yote: cheti kinatoka lini? Tunalielewa, maana mtu ametoka Newala au Liwale kwa nauli yake. Lakini cheti cha semina ya siku tatu kinathibitisha kwamba ulihudhuria, basi.

Tiba hii, aliyoiasisi Aaron Beck huko Marekani miaka ya 1960 akiwatibu watu wenye sonona, hujifunzwa kwa kuhudumia wagonjwa huku msimamizi akifuatilia. BABCP, chama cha wataalamu wa tiba hii cha Uingereza, hudai saa zisizopungua 200 za kutibu chini ya usimamizi.

Wengi hukwama kwenye jedwali la fikra, yaani karatasi yenye safu ambako tukio, hisia na fikra za mgonjwa huandikwa kando kando. Chukua mkulima wa korosho wa Tandahimba. Safu ya tukio: "Jumanne jioni nimetoka chama cha msingi, malipo yangu hayajaingia." Safu ya hisia: huzuni, 80 kwa 100. Safu ya fikra: "Mimi si baba, watoto hawatasoma." Kisha ushahidi unaoiunga mkono fikra hiyo, ushahidi unaoipinga, fikra iliyopimwa upya, na mwisho huzuni inapimwa tena.

Kosa la kwanza huja mapema. Mgonjwa akisema "nahisi watu wananidharau", mwanafunzi huandika sentensi hiyo kwenye safu ya hisia. Hiyo ni fikra, imetanguliwa tu na neno "nahisi". Hisia yenyewe hutajwa kwa neno moja: huzuni, hofu, aibu, hasira. Ukizichanganya, utajikuta unamdai mtu ushahidi wa huzuni yake, naye ataona humwamini.

Kosa la pili ni haraka: "Usiwaze hivyo, mzee wangu, Mungu yupo." Ni faraja njema, na msibani ina mahali pake, ila CBT siyo hiyo. Uliza: mwaka ule malipo yalipochelewa, ada ililipwaje? Nani alikwenda shule kuzungumza na mwalimu? Majibu ayatafute mwenyewe. Huzuni ikitoka 80 ikafika 55, kipindi kimefanya kazi. Usimng'ang'anie hadi sifuri. Asiyesoma mwekee punje kumi za mahindi mezani, asogeze zinazolingana na uzito wa anachohisi.

Sasa kurekodi vipindi, ambako malalamiko ni mengi. Msimamizi anahitaji kusikia sauti ya kipindi kizima ili akupime. Kipimo cha CTS-R, kinachopima umahiri wa anayetibu, kina vipengele 12, kila kimoja alama 0 hadi 6, na kwa kawaida kufaulu ni 36 kati ya 72. Ridhaa huandikwa na kusainiwa kabla ya kinasa sauti kuwashwa, siyo baadaye. Fomu itaje nani atasikiliza, rekodi itakaa wapi na itafutwa lini. Mgonjwa akibadili mawazo katikati, zima, na huduma yake iendelee vilevile. Rekodi haitumwi WhatsApp, hata kwa msimamizi. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kuzifichua kinyume cha sheria ni kosa lenye faini, kifungo au vyote viwili. "Sikujua" si utetezi.

Kwa wananchi, tumesema na tunarudia: CBT siyo mawaidha, siyo kupunga pepo, na hakuna anayepaswa kuacha dawa kwa sababu ameianza. Atakayekuahidi kupona kwa kikao kimoja muulize msimamizi wake ni nani.

Wanaoomba mafunzo wajue pia kutumia PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima dalili za sonona. Swali la 9 linahusu mawazo ya kujidhuru au kuona heri kufa. Kuna wahudumu wanaolipita wakidhani kuuliza kunampandikizia mtu wazo. Hakumpandikizii. Akijibu chochote zaidi ya 0, yaani "hapana kabisa", jedwali la fikra linawekwa kando. Uliza waziwazi kama ana mpango, kama ana njia mkononi, ikiwemo viuatilifu vya mikorosho vilivyo ndani ya nyumba, na nani yuko naye usiku huo. Kama mpango upo, usimwache peke yake: mwite ndugu anayemwamini, viuatilifu viondolewe nyumbani, na rufaa iandikwe kabla hajatoka chumbani.