Kigimbi kinauma kila ukikimbia ila vipimo vinasema huna kitu? Soma hapa kabla hujaenda kuchuliwa tena

Habari zenu wana Tabora. Kipindi cha mashindano ya shule ndio hiki, watoto wanajiandaa na UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari, timu za mtaani nazo jioni ziko uwanjani, na kwenye idara yetu ya fiziotherapia wanaokuja na maumivu ya kigimbi wamekuwa wengi. Wengi sio maumivu ya jana. Mtu anakwambia huu mwezi wa nne, kashachuliwa, kakandwa na maji ya moto, kapiga eksirei, kachomwa sindano, na karatasi mkononi imeandikwa hakuna tatizo. Hospitali imetaka tuandike kitu kwa ajili ya wananchi ndio naandika, ila tuelewane, hii ni elimu, sio matibabu kwa njia ya simu, ukijiona humu ndani bado unatakiwa uje uonwe.

Kigimbi kilichochanika tunakijua na wewe unakijua. Unaruka au unatoka spidi, unasikia kama umepigwa jiwe nyuma ya mguu, unageuka hakuna mtu. Hicho kinapona, kikitunzwa vizuri. Shida yangu ni hiki kingine, kinachokuja taratibu, kinachouma ukikimbia na kunyamaza ukikaa, na ndio hiki kinachowafanya watu waambiwe wanajidekeza.

Mguu wa namna hii unaumwa ukiwa kazini. Wewe umeumia Jumamosi ukiwa unakimbia, Jumatatu unakuja hospitali, unakaa kwenye benchi masaa mawili, mguu umepoa kabisa, daktari anabonyeza huku na huku husikii kitu, picha safi, unaandikiwa dawa ya maumivu unaondoka. Daktari hajakosea na wewe hujadanganya, ila mguu umepimwa ukiwa umelala usingizi. Kuna kijana wa mita 1500 alikuja hivyo hivyo mara ya tatu, nikamuuliza kinaanza kuuma saa ngapi, akasema mzunguko wa pili, kila siku mzunguko wa pili, hata akibadilisha viatu. Nikamwambia vaa raba zako, toka nje kakimbie mpaka kiume alafu urudi hapa mbio usipumzike njiani. Alirudi kigimbi kigumu kama ubao, unyayo una ganzi. Baada ya robo saa hivi mguu ukawa wa kawaida kabisa. Kama asingekimbia siku ile angeondoka na karatasi nyingine ya hakuna tatizo.

Kinachotokea kwa mtu kama huyo ni kwamba misuli ikifanya kazi inajaa damu na kutanuka, sasa misuli ya mguu imefungwa kwenye utando mgumu, kwa baadhi ya watu ule utando hautanuki vya kutosha, presha inapanda mle ndani, damu inapita kwa shida na neva inabanwa. Dalili yake ni utaratibu: kinaanza muda ule ule au umbali ule ule, mara nyingi miguu yote miwili, ukisimama kinaisha chenyewe ndani ya dakika chache. Kuthibitisha inabidi kuingiza sindano ya kupima presha kwenye misuli kabla na baada ya kukimbia. Vigezo vinavyotumika sana ni milimita 15 za zebaki au zaidi kabla ya zoezi, 30 au zaidi dakika 1 baada ya kuacha kukimbia, na 20 au zaidi baada ya dakika 5, kimoja kati ya hivyo kinatosha. Sio kila hospitali inacho kipimo hiki, ndio maana tunaandika rufaa, na hapa naomba msikilize vizuri kwa sababu kila wiki mtu anarudishwa kwa jambo hili. Rufaa haianzii kwetu ukitokea nyumbani. Unaanza kituo cha karibu na unapokaa, zahanati au kituo cha afya, wanakuandikia kwenda hospitali ya wilaya, wilaya inaandika kuja mkoa, na mkoa ndio unaandika kwenda Bugando Mwanza au Muhimbili. Fomu iwe na jina kama lilivyo kwenye kadi ya bima, iwe na sahihi na mhuri, na nakala ubaki nayo. Ukija na fomu haina mhuri utarudi ulikotoka, na mimi sina uwezo wa kuipitisha hata kama nakujua.

Inayofanana nayo na inayosumbua zaidi ni mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti kubanwa na msuli wa kigimbi. Hii inawapata vijana, tena wenye misuli iliyojengeka vizuri, kwahiyo hakuna anayefikiria mishipa ya damu kwa mtu wa miaka 20. Sikiliza mguu: wayo unakuwa wa baridi, unapauka, vidole vinachoma kama sindano. Tunapima mapigo ya damu mguuni ukiwa umetulia, alafu tena ukiwa unasukuma wayo kwenda chini kwa nguvu, yakipotea hapo tunatafuta zaidi kwa altrasaundi.

Zingine nazipitia haraka. Mfupa ulioanza kupata ufa wa uchovu eksirei ya wiki 2 au 3 za mwanzo mara nyingi haiuoni, jamani picha safi sio kibali cha kukimbia. Neva iliyobanwa mgongoni inaweza kuuma kwenye kigimbi tu na mgongo wenyewe usiume, jaribu kusimama kwa ncha za vidole mguu mmoja, ukishindwa njoo. Na sipro, hizi watu wanazomeza kila wakisikia taifodi, zinaweza kudhuru kano ya kisigino hata ikakatika, kwahiyo tukikuuliza umetumia dawa gani miezi ya karibuni usiseme hakuna.

Sasa suala la kuchua. Nawaheshimu wazee wanaochua, wengine wana mikono mizuri kuliko sisi, lakini kigimbi kimoja kilichovimba, cha moto, kinauma hata ukiwa umekaa, hasa baada ya safari ndefu ya basi au treni, baada ya opareshoni au baada ya kufungwa plasta ngumu ya mfupa, HAKICHULIWI. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, ukiisukuma bonge linaweza kwenda kwenye mapafu. Ukiongezea kifua kubana au kuhema kwa shida, hiyo ni dharura, hapo usitafute fomu wala mhuri, nenda hospitali yoyote iliyo karibu muda huo huo.

Na sindano. Walimu wa michezo na makocha, nawaomba. Mchezaji anachomwa sindano duka la dawa ili Jumamosi acheze, na duka la dawa muhimu halina ruhusa ya kuchoma mtu sindano. Zaidi ya hapo, sindano za steroidi, yaani deksamethazoni, triamsinoloni na ndugu zake, tangu Januari 1, 2022 zimekatazwa na WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa haramu michezoni, wakati wa mashindano bila kujali umechomwa sehemu gani ya mwili, na triamsinoloni ikichomwa kwenye msuli inahesabiwa siku 60 kabla haijaondoka. Tramado, ile dawa kali ya maumivu, nayo imeingia kwenye orodha hiyo ya zilizokatazwa Januari 1, 2024. Adhabu ni kufungiwa miaka 2, ikithibitika ulikusudia ni miaka 4, na matokeo ya siku hiyo yanafutwa. Kusema nilichomwa na kocha hakukutoi hatiani, sheria inamshika mwenye mwili. Kama dawa unaihitaji kweli kuna kibali cha kuitumia kwa tiba, kinaombwa siku 30 kabla ya mashindano kikiwa na maelezo ya daktari na majibu ya vipimo. Najua wengi mtasema haya ni ya timu ya taifa, lakini huyo mtoto wa UMISSETA mwakani anaweza kuwa ndiye huyo.

Ukija kwetu njoo na raba unazokimbilia na kaptula. Wiki mbili kabla andika kwenye daftari kila siku: umekimbia umbali gani, lami au mchanga, kimeanza dakika ya ngapi, kimeisha baada ya muda gani, ganzi ipo au haipo na iko wapi, mguu mmoja au yote. Usimeze dawa ya maumivu asubuhi ya siku hiyo maana utatuficha tunachokitafuta. Ukifika mwambie wa mapokezi kwamba maumivu yako yanakuja ukikimbia, aandike hivyo hivyo kwenye faili, ili ukiingia tukutoe kwanza nje ukakimbie.