Lambo la kijiji nchini India: maji yanamfikia nani?

Wageni wakipelekwa kuona mradi wa malambo, kwanza huuliza yamejengwa mangapi na yanabeba mita ngapi za ujazo. Mimi huuliza kuhusu visima. Ikifika Februari, visima vilivyo chini ya tuta vina maji kiasi gani, na ni vya nani? Kazi yangu ni umwagiliaji wa wakulima wadogo. India ni nchi niliyojifunza mengi kwayo, kwa sababu vijiji vyake vimejenga malambo kwa wingi mno na kwa muda mrefu mno, na matokeo yake, mazuri kwa mabaya, yako wazi kwa anayetaka kuyaona. Tena uzoefu huo wa India si mgeni kwa wahandisi wa kwetu. Tangu 1955 chuo cha Roorkee, kaskazini mwa India, kimekuwa na idara iliyoanzishwa mahsusi kuwafundisha wataalamu wa maji kutoka Asia na Afrika.

Tuelewane kwanza kuhusu ukubwa. Kwa hesabu za serikali ya India, mradi wa umwagiliaji unaohudumia eneo lisilozidi hekta 2,000 ni mradi mdogo. Malambo ninayoyazungumzia ni madogo hata kuliko hayo: tuta la udongo lililokatiza korongo, au ukuta wa zege wenye kimo cha mtu kwenye mkondo unaokauka kiangazi. Rajasthan wanayo johad, tuta la udongo lililopinda kama mwezi mchanga. Tamil Nadu wana eri, lambo la kumwagilia mashamba kwa mifereji, na baadhi yake zina umri wa karne nyingi. Gujarat, katika rasi ya Saurashtra, kuta fupi za mikondoni zilijengwa kwa makumi ya maelfu baada ya mpango wa mwaka 2000 ambao serikali ilitoa asilimia 60 ya gharama na wanakijiji asilimia 40.

Mvua nyingi ya India hunyesha kati ya Juni na Septemba. Wilaya ya Ahmednagar (tangu 2024 inaitwa Ahilyanagar), jimbo la Maharashtra, iko upande wa milima usiofikiwa vizuri na mawingu kutoka baharini, na vipo vijiji vyake vinavyopata kama milimita 400 tu kwa mwaka, tena nyingi zikishuka katika siku chache za mvua kubwa. Katika msimu huo, unaoitwa kharif, mkulima hupanda uwele, choroko na mbaazi kwa kutegemea mvua. Mvua ikikatika wiki tatu katikati ya Agosti, umwagiliaji wa mara moja tu huweza kuokoa shamba zima. Unafuata msimu wa rabi, kuanzia Oktoba, wa ngano, dengu na vitunguu. Mwenye maji ya rabi huvuna mara mbili kwa mwaka. Asiye nayo hufunga nyumba na kuondoka.

Anakwenda wapi? Wengi wa Beed, wilaya nyingine kavu ya Maharashtra, na wilaya jirani hupanda matrekta wakiwa na vyombo, watoto na hata mbuzi, kwenda kukata miwa magharibi mwa Maharashtra na Karnataka, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Machi na zaidi. Wanaajiriwa kwa jozi, mume na mke, na jozi hiyo huitwa koyta, jina la panga lenyewe la kukatia miwa. Malipo ya awali wameshayapokea na mara nyingi yameshaliwa kabla ya kukata muwa wa kwanza. Mtoto akiondoka na wazazi Novemba, mwaka wake wa shule umevunjika. Kwa hiyo ninapopima faida ya lambo, naangalia magunia ya ngano, lakini naangalia pia ni nyumba ngapi zina moshi jikoni mwezi wa Januari.

Sasa twende kisimani, maana kazi kubwa ya lambo inafanyika chini ya ardhi. Watu hutazama maji yaliyosimama nyuma ya tuta wakadhani ndiyo mali yenyewe. Malambo mengi ya Deccan, nyanda za juu zinazoenea hadi Maharashtra, hayana hata mfereji wa kutoa maji. Yamejengwa ili maji yatulie, yazame, yajaze visima vya bondeni. Kisima cha kawaida cha huko ni shimo la duara, pana kiasi cha kuingiza gari, lenye kina cha mita 10 hadi 15, lililochongwa ndani ya mwamba wa basalti. Mwamba huo ni mchoyo: kila mita moja ya ujazo hubeba lita 10 hadi 30 tu zinazoweza kutoka. Mkulima akiwasha pampu, maji hushuka huku unayatazama, na kuta zinabaki na mstari mweusi wa unyevu unaorefuka kuelekea chini. Mwaka mbaya, baada ya saa mbili pampu inavuta hewa. Anazima, anasubiri maji yachuruzike kutoka kwenye nyufa mpaka kesho yake. Na kwa kuwa umeme wa mashambani hutolewa kwa zamu, na zamu nyingi huangukia usiku, utamkuta saa nane za usiku yuko shambani na tochi, miguu peku topeni, anaziba njia moja ya maji kwa jembe na kufungua nyingine, huku akiangalia nyoka. Lambo likiwa limefanya kazi yake, pampu ile ile inavuta saa tano badala ya mbili, na inaendelea kuvuta hadi Februari. Hiyo ndiyo faida kwa lugha ya mkulima.

Hesabu ifuatayo ningependa kila mpanga mradi aifanye kabla ya kuagiza saruji. Chukua lambo lenye uso wa hekta moja na kina cha wastani cha mita tatu: ni mita za ujazo 30,000. Katika sehemu kavu za India, jua hunyonya kati ya mita moja na nusu na mbili za maji ya wazi kwa mwaka. Tuseme nusu imepotea, zimebaki 15,000. Ngano ya rabi inahitaji kama mita za ujazo 4,000 kwa hekta, kwa hiyo umepata hekta nne hivi. Dengu hutegemea unyevu uliobaki udongoni, zikimwagiliwa mara moja au mbili tu zinatosheka na 1,000 au pungufu: hekta 15. Miwa hunywa 15,000 hadi 20,000 kwa mwaka, kwa hiyo maji yote ya lambo hayatoshi au yanatosha hekta moja kwa shida. Ni kweli lambo linaweza kujaa zaidi ya mara moja kwa msimu, na yanayozama yanarudi kupitia visima, lakini uwiano huo haubadiliki. Maji yale yale ni chakula cha familia 15 au ni fedha ya mtu mmoja, na fundi wa zege hana uwezo wa kuamua ni lipi kati ya hayo. Kijiji ndicho kinachoamua, na kisipoamua, anaamua mwenye pampu kubwa.

Hili alilielewa Vilasrao Salunkhe, mhandisi aliyeacha shughuli za kiwanda katika mji wa Pune, Maharashtra, baada ya kuona ukame wa 1972 ulivyowafanya wakulima wa Purandar, karibu na mji huo, kuwa wapasua mawe wa kazi za msaada. Alianzia kijiji cha Naigaon, kwenye mteremko uliokuwa umechakaa, akajenga vizuizi vya maji na tuta la kuyazamisha, na kisima chini yake. Kilichofanya jaribio lake lijulikane kwa jina la Pani Panchayat, baraza la maji, ni kanuni zake. Maji yaligawanywa kwa idadi ya watu katika familia: ya kutosha nusu ekari kwa kila mtu, bila kuzidi ekari mbili na nusu kwa familia, hata kama shamba lako ni kubwa kiasi gani. Miwa ilipigwa marufuku. Asiye na ardhi naye alikuwa na fungu lake, na ukiuza shamba, haki ya maji haikwenda na shamba. Mimi naziona kanuni hizi kuwa kazi bora ya uhandisi kuliko tuta lenyewe, kwa sababu zilitenganisha maji na hati ya ardhi, na hapo ndipo umaskini wa vijijini unapofungwa fundo.

Sukhomajri, chini ya milima ya Shivalik jimboni Haryana, walifika mahali hapo kwa njia nyingine. Ziwa Sukhna la mjini Chandigarh lilikuwa linajaa tope, na wataalamu wa hifadhi ya udongo wakiongozwa na P. R. Mishra walipolifuatilia tope hilo walifika kwenye vilima vya kijiji, vilivyolishwa na mbuzi hadi vikabaki uchi. Malambo ya udongo yakaanza kujengwa 1976. Wanakijiji walikubali kuzuia mifugo vilimani kwa sharti moja, kwamba kila kaya ipate fungu sawa la maji, yenye shamba na isiyo na shamba. Asiyelima aliweza kumpa mwenzake fungu lake kwa malipo. Mbuzi wakapungua, nyati wa maziwa wakaongezeka, majani ya bhabbar yakarudi vilimani na kuuzwa. Mwenye mbuzi watatu na asiye na shamba alikuwa na sababu ya kulinda kilima, kwa kuwa maji ya kilima yalikuwa yake pia. Baada ya miaka mingi tope liliyapunguza malambo hayo na utaratibu wa mafungu ukalegea. Kwangu hilo halifuti kitu. Linaonyesha tu kwamba mgao unahitaji matengenezo kama tuta.

Hiware Bazar, kule Ahmednagar, ndicho kijiji kinachotajwa zaidi siku hizi. Popatrao Pawar alichaguliwa kuwa sarpanch, mkuu wa kijiji, miaka ya mwisho ya 1980. Walichimba makinga maji mlimani, wakajenga malambo ya kuzamisha maji, na wakakataza visima virefu vya mashine kwa umwagiliaji, pamoja na miwa na migomba. Kila mwaka, mvua ikishapimwa, kijiji kinakaa na kuhesabu: maji ya kunywa kwanza, ya mifugo, kisha yaliyobaki ndiyo yanayoamua ekari ngapi za ngano na vitunguu zilimwe. Familia zilizokuwa zimehamia Pune na Mumbai zilirudi. Wengi huenda pale kupiga picha mabwawa. Mimi ningewashauri waombe kuhudhuria huo mkutano wa hesabu.

Pasipo na kanuni, visima vinaweza kuua lambo. Tamil Nadu ina eri zipatazo 39,000, nyingi zikiwa zimepangwa kwa ngazi: moja ikijaa, utoro wake, yaani njia ya maji ya ziada, unamwaga kwenye ya chini yake. Zamani kila moja ilikuwa na neerkatti, mgawa maji, mara nyingi mtu wa tabaka la Dalit, lililo chini kabisa katika jamii, aliyefungua na kufunga milango ya mifereji na kulipwa kwa nafaka. Pampu zilipoenea, wenye uwezo walichimba visima vyao, na wakaacha kuja siku za kusafisha mifereji. Mifereji ikaziba. Wakabaki wale wasio na kisima, wachache na wanyonge, na lambo ambalo halijai tena. Ajabu yake ni kwamba visima vya matajiri navyo vililishwa na eri ile ile.

Maharashtra kuna jambo jipya zaidi linalonisumbua. Mabwawa ya mashambani yaliyotandikwa plastiki yamepewa ruzuku kwa jina la kuvuna mvua. Mengi hayavuni mvua hata kidogo: mwenye makomamanga au zabibu anavuta maji ya kisima na kuyahifadhi juu ya plastiki, mali yake peke yake, yakikauka polepole juani, huku kisima cha jirani kikishuka.

Na kuna walio chini ya mkondo. Alwar, jimboni Rajasthan, shirika la Tarun Bharat Sangh na Rajendra Singh walianza kufufua johad mwaka 1985, na mto Arvari ukarudi kutiririka. Vijiji vya bonde hilo vikaunda bunge lao la mto 1999. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini mwaka 2001 kijiji cha Lava ka Baas kilipojenga bwawa, idara ya umwagiliaji ya jimbo ilitaka libomolewe, ikisema litapunguza maji ya watu wa wilaya ya Bharatpur, walio chini ya mkondo. Unaweza kuitilia shaka nia ya idara, lakini hoja yenyewe ni ya kweli. Katika bonde ambalo maji yake yote yameshatumika, kila lita unayoizuia juu ilikuwa na mwenyewe chini. Tathmini inayoishia kwenye kijiji kilichojengewa haijakamilika.

Hata tope lina mgao wake. Telangana ilianza 2015 mpango wa Mission Kakatiya wa kufufua malambo yake zaidi ya 40,000, na tope lililochimbwa likapelekwa mashambani, kwa kuwa lina rutuba na linashika unyevu. Ni jambo jema kabisa, ila tope linasafirishwa kwa trekta, na gharama ya kubeba mara nyingi ni ya mkulima. Mwenye shamba karibu na lambo na mwenye trekta wanajaza kwanza. Ningependa orodha ya mashamba yatakayopokea tope isomwe kwenye mkutano wa kijiji, pamoja na nani atamlipia gharama ya usafiri mjane mwenye ekari moja upande wa pili wa kilima, kabla mchimbaji hajashusha koleo la kwanza.