Mtihani wa usajili wa mbunifu majengo: unapima nini hasa?

Mtihani wa usajili ni kipimo anachokabiliana nacho mhitimu wa ubunifu majengo kabla ya kuruhusiwa kubeba jina la mbunifu majengo na kusaini kazi kwa dhamana yake mwenyewe. Hapa Tanzania anayesimamia ni Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, chini ya sheria ya mwaka 2010. Shahada ya ubunifu majengo, kama ile ya Chuo Kikuu Ardhi, haitoshi peke yake. Katikati kuna mafunzo kwa vitendo chini ya mbunifu aliyesajiliwa.

Kijana akirudi Tanga na shahada yake, haitachukua muda atakuwa anachora nyumba ya Raskazone au fremu za maduka Ngamiani. Watu watamwita injinia, na ramani zake huenda zikapendeza kweli. Lakini mtihani hauulizi kama anajua kuchora. Hilo chuo kilishalithibitisha. Unauliza kama anaweza kuachiwa pesa za mteja na usalama wa watakaoishi humo.

Chukua nyumba ya mawe ya matumbawe katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Mwenye nyumba anataka kuta zipigwe lipu ya saruji, kwa sababu lipu ya zamani ya chokaa imeanza kubanduka. Mhitimu mzuri atajua kwamba mawe yale na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, na kwamba saruji huufungia ndani pamoja na chumvi ya bahari hadi jiwe lenyewe linaoza. Jibu hilo ni sahihi, ila ni nusu tu. Mteja umemshauri kwa maandishi? Kibali kinatakiwa kutoka halmashauri peke yake, au na idara ya serikali ya Mambo ya Kale pia? Na kama fundi ameshapiga chumba kizima kwa agizo la mdomo, nani analipa gharama ya kubandua? Kwenye maswali haya ndipo wengi wenye mkono mzuri wa kuchora hukwama, maana hawajawahi kuulizwa.

Au chukua masika. Mkandarasi wa Tanga anaomba aongezewe wiki sita kwa sababu mvua ya Aprili ilimzuia kumwaga zege. Mikataba ya ujenzi kwa kawaida huzungumzia hali mbaya ya hewa isiyo ya kawaida, na mvua ya Aprili Tanga ni ya kawaida kabisa. Mbunifu hakubali wala hakatai kwa huruma. Anatafuta takwimu za mvua za Mamlaka ya Hali ya Hewa, anafungua shajara ya saiti aone siku zipi kazi ilisimama kweli, anasoma kifungu, kisha anaamua bila kumpendelea mteja anayemlipa.

Marekani nako mkazo ni huohuo. Mtihani wao, ARE, una sehemu sita, na usimamizi wa ofisi, usimamizi wa mradi na hatua ya ujenzi kila kimoja kina sehemu yake. Mafunzo ya vitendo yanayosimamiwa na NCARB, baraza la bodi za usajili wa wabunifu majengo huko, ni saa 3,740. Hata hivyo, nawasihi wanaojiandaa huku wasitegemee maswali ya ARE wanayopakua mtandaoni. Kanuni zao za ujenzi ni nyingine na mikataba yao ni mingine, vipimo vyao ni vya futi. Anza na sheria ya 2010 na mkataba wa Baraza la Taifa la Ujenzi, kifungu kwa kifungu, ukikaa na mkadiriaji majenzi, yule anayepima na kukadiria gharama za ujenzi, akuonyeshe jinsi cheti cha malipo ya mkandarasi kinavyofikiwa.

Ofisi inayomfungia mhitimu kwenye kompyuta achore tu, mwaka hadi mwaka, inamdhulumu. Kama uko kwenye ofisi ya namna hiyo, omba kwa adabu upelekwe kwenye vikao vya saiti, na ujitolee kuandika muhtasari. Omba uwepo siku ya kukagua nondo kabla ya zege, hasa kwa majengo ya karibu na bahari, ambako zege jembamba juu ya nondo huleta kutu mapema. Kila ulichokishuhudia kiandike siku hiyohiyo kwenye daftari la mafunzo, pamoja na nani aliamua na kwa kifungu kipi. Msimamizi wako akigoma kulisaini kila mara, tafuta msimamizi mwingine mapema, kabla miezi haijapotea.