Sukari ya mwilini si nishati tu

Kauli iliyozoeleka jijini Dar es Salaam, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Kariakoo hadi foleni za kupima kisukari, ni kwamba sukari mwilini ina kazi moja: kutia nguvu, na ikizidi, kuleta maradhi. Kwa glukosi, sukari inayopimwa kwenye damu, kauli hiyo ina ukweli mwingi, lakini inasahau minyororo ya sukari inayofunika seli zetu. Mchangiaji damu anayeambiwa kuwa yeye ni kundi A ametajiwa sukari bila kujua, kwani mnyororo wake unaishia na sukari iitwayo asetilogalaktosamini, wa kundi B unaishia na sukari nyingine, galaktosi, na wa kundi O hauna nyongeza hiyo.

Ili ionekane ndani ya kiumbe hai, protini huweza kuunganishwa na protini ing'aayo kupitia jeni. Sukari haiwezi, kwa kuwa jeni haziiandiki moja kwa moja. Mkemia Carolyn Bertozzi wa Marekani, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2022, pamoja na wenzake walipita njia ya pembeni, ya kijanja kwelikweli: waliwapa viinitete vya samaki pundamilia sukari ileile ya kundi A ikiwa imebandikwa azidi, yaani atomi tatu za nitrojeni, seli zikaijenga katika minyororo yao, kisha wakatia rangi inayonasa azidi pekee bila kuhitaji shaba ya kuharakisha muungano huo, ambayo huzidhuru seli. Picha za samaki hao wakiwa hai zilichapishwa mwaka 2008, zikionyesha sukari mpya ikijitokeza tayani na mapezini. Rangi hiyo ilionekana kwa kuwa kiinitete cha samaki huyo hupitisha mwanga. Mwili wa panya hauupitishi kwa urahisi huo.