Upepo wa Turkana na saa za usiku

Karibu na Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Ilikuwa tayari mwaka 2017, ikasubiri hadi 2018 laini ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 kuelekea kituo cha umeme cha Suswa ikamilike. Upepo wa huko hushika kasi usiku, viwanda vingi vikiwa vimefungwa na watu wamelala. Mimi ni mhandisi, na utafiti wangu unahusu saa hizo.

Umeme unaozalishwa sekunde hii sharti utumike sekunde hii hii. Tunapima ulinganifu huo kwa masafa ya gridi (mtandao wa umeme wa nchi), yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo nchini Kenya ni hezi 50. Matumizi yakizidi uzalishaji, masafa hushuka. Uzalishaji ukizidi, hupanda. Yakishuka mno, mtambo hujitoa kwenye gridi ili usiharibike, mzigo wake ukaangukia iliyobaki, nayo ikajitoa mmoja baada ya mwingine. Stima hupotea nchi nzima namna hiyo.

Mitambo ya mvuke wa ardhini ya Olkaria na ya maji ya mto Tana ina rota nzito za chuma. Hitilafu ikitokea, uzito huo huendelea kuzunguka na kutupa sekunde chache za kurekebisha mambo. Mtambo wa upepo hudhibitiwa na vifaa vya kielektroniki, hivyo mapanga yake hayafuati masafa ya gridi. Paneli ya sola haina hata kinachozunguka. Kadiri upepo na jua vinavyochukua nafasi kubwa, sekunde zile hupungua. Betri kubwa zinaweza kuziba pengo hilo, kwa kuwa huitikia kabla sekunde moja haijaisha.

Wapo wanaosema upepo hautegemeki. Naona tunauonea. Upepo unaweza kukadiriwa saa kadhaa kabla, na bwawa kama Gitaru linaweza kupunguza maji yanayopita kwenye mitambo yake upepo unapovuma, yakatumika jioni watu wanapopika na kuwasha taa.

Kinachoniuma ni usiku wa manane: mvuke wa Olkaria huachiwa hewani kwa kukosa mtumiaji. Tangu mwishoni mwa 2017 viwanda vimekuwa na bei nafuu ya usiku. Sasa zipo pia bodaboda za umeme. Betri zake zikichajiwa baada ya saa nne usiku, zitatumia stima ambayo tayari ipo. Zikichajiwa saa moja jioni, zitaongeza mzigo wakati gridi imeelemewa.