Je, Wajua kwa Nini Uji wa Mchele Uliochachushwa Huwa Mwepesi Tumboni?

Ukiuliza katika nyumba nyingi za Kisumu au Kakamega kwa nini uji uliochachuka haulilemei tumbo, utaambiwa kwamba ni ule uchachu unaoulainisha. Jibu hilo lina ukweli nusu tu. Uchachu na wepesi ni kazi mbili tofauti, na kwa uji wa mchele tofauti hiyo huonekana waziwazi kuliko kwa uji wa wimbi au mtama uliozoeleka huku magharibi.

Tuanze na uchachu. Unga ukikaa majini, bakteria waliomo kwenye nafaka na kwenye chombo hula sukari chache zilizopo na kutoa asidi ya laktiki, hata kipimo cha pH (ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi) kikashuka kutoka karibu 6 hadi chini ya 4, mahali ambapo vijidudu vingi vya kuharisha hushindwa kuongezeka. Kwa hiyo asidi ni mlinzi zaidi kuliko mlainishaji. Mchele mweupe, hata ule wa mashamba ya Ahero, umekobolewa ukapoteza pumba na kiini, na pamoja navyo sehemu kubwa ya bakteria na virutubishi vyao, ndiyo maana ukiachwa peke yake huchelewa kuchachuka. Dawa yake ni kijiko cha unga wa wimbi, au uji mbichi kidogo uliobakizwa kutoka kwa ule wa juzi.

Chenga za mchele, ambazo ni za bei nafuu na hazipunguzi chochote katika uji, hulowekwa usiku kucha, zikachujwa na kusagwa, kisha kikombe kimoja kikakorogwa kwa vikombe viwili vya maji vuguvugu pamoja na hicho kianzio na kufunikwa. Katika joto la Kisumu siku moja kwa kawaida hutosha. Nakuru, ulio juu zaidi kwa mita 700 hivi na wenye usiku wa baridi, huenda ukangoja siku mbili au tatu.

Sasa wepesi. Wanga wa mchele ukichemshwa hunyonya maji na kuvimba, uji ukawa mzito, na anayeuongeza maji ili unyweke humshibisha mgonjwa maji matupu. Hapa ndipo kimea kinapohitajika: wimbi lililolowekwa, likaoteshwa siku mbili au tatu, likaanikwa na kusagwa. Punje inapochipua hutengeneza vimeng'enya vya kukatakata minyororo ya wanga, na kijiko kimoja cha kimea hugeuza sufuria ya uji mzito kuwa wa kutiririka kwa dakika chache bila kuongeza tone la maji. (Mtama pia huoteshwa, lakini machipukizi yake yana kemikali inayozalisha sianidi, kwa hiyo wimbi ni salama zaidi.) Vimeng'enya hufa kwenye maji yanayochemka, hivyo kimea hutiwa baada ya uji kuepuliwa na kupoa kidogo, kisha hurudishwa jikoni uchemke tena, kwa sababu kimea chenyewe hubeba vijidudu.

Usiuchanganye uji huu na wali uliolala majini, unaoliwa asubuhi Bangladesh kwa jina la panta bhat. Mchele uliokwisha kupikwa huweza kubaki na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hustahimili moto, na wali ukikaa kwenye joto kabla ya asidi kutosha, bakteria huyo huota na kutoa sumu ambayo hata kuchemsha tena hakuiondoi. Kuchachusha unga mbichi na kupika baadaye, kama ifanywavyo kwetu, hupunguza hatari hiyo.

Na kwa kuwa kazi hizi mbili hazitegemeani, mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo, ambaye uchachu humchoma, anaweza kupikiwa uji wa mchele usiochachushwa kabisa, ukatiwa kimea tu.